Chupa Iliyobaki Ndani ya Mzinga

Harufu ile ilinikuta nachambua mchele. Mjukuu wangu alikuwa ametoka madukani, hapa Shinyanga mjini, na kichupa cha mafuta ya kufukuza mbu, akakifungua chumbani na kuanza kujipaka miguu. Mimi nilikuwa uani na ungo mapajani. Upepo ukaileta. Mikono yangu ikasimama ndani ya mchele, na kwa kitambo sikuwa bibi wa mtu yeyote. Nilikuwa binti mwenye kichwa kilichonyolewa kwa msiba, na mgongoni nimembeba mdogo wangu wa kike, Holo.

"Bibi, unalia?"

"Mchele una pumba," nikamwambia. "Ziba hicho kichupa, hayo mafuta hayana subira. Ukiyaacha wazi yanaondoka yenyewe."

Akashangaa nimejuaje. Nyinyi wa rika langu hamtashangaa, kwani wengi wenu mliinusa harufu ile kwenye miche ya sabuni tuliyofulia zamani. Inafanana na mchaichai, lakini si mchaichai wa chai. Ni kali na kavu zaidi, kama ganda la limau lililosuguliwa kwenye ubao mpya. Majani yanayokamuliwa mafuta hayo ni ya nyasi iliyo ndugu ya mchaichai, yenye shina jekundu chini. Ukiipikia chai utaitema. Wenye maduka waliyaita sitronela. Sisi nyumbani tuliyaita mafuta ya Holo.

Kwetu kulikuwa nje ya Bugarama, upande wa msituni. Baba yetu alizaliwa Mhunze, nchi ya pamba na mbuga nyeusi, akahamia magharibi na ng'ombe wake kutafuta majani. Majani aliyapata, ila alikuta na mbung'o. Ng'ombe walikonda, wakaanguka mmoja mmoja, mpaka ikabaki kamba tu imening'inia kwenye nguzo ya zizi. Jirani yetu Mzee Kasanda, Msumbwa aliyezaliwa katika msitu ule, alimhurumia akamfundisha kuchonga mizinga na kuita nyuki. Baba alikuwa akisema wadudu wamemfilisi na wadudu wamemlisha, hivyo hana kesi nao.

Baba aliugua kifua muda mrefu. Alipofariki hakukuwa na mtu wa kupanda mitini kutazama mizinga. Siafu wakaingia, nondo wa nta wakaingia, nyuki wakahama. Mama aliteremsha mzinga mmoja uliokuwa bado mzima, akausafisha, akaulaza juu ya magogo mawili chini ya upenu wa nyumba. Alisema mdogo wangu Mabula akikua ataurudisha mtini. Tulitwanga mahindi pembeni yake, tukaanika nguo juu yake, ukawa kama benchi.

Mvua za mwanzo zilipokuja, mama akapata homa. Nilimpeleka zahanati kwa baiskeli ya Mzee Kasanda, yeye akisukuma, mimi nikimshikilia mama asianguke. Hakurudi. Dresa, mtibabu wa zahanati, alimwambia Mzee Kasanda, si mimi, kwamba malaria ilikuwa imepanda kichwani. "Ni mbu hawa," alisema, akipunga mkono hewani kama mtu anayefukuza mmoja.

Labda ni ule mkono. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba yuko mbu mmoja aliyemuua mama. Nilimjua kabisa: mzee, mwenye miguu mirefu, anayekaa nyuma ya lindo, lile pipa letu la gome la kuhifadhia mahindi, pale penye giza. Alikuwa ameonja mama, na sasa atamtafuta Holo, kwa sababu Holo alikuwa ameacha kunyonya juzi tu na bado alinukia mama. Mimi na Mabula tulinukia moshi na vumbi kama watoto wengine. Holo ukimnusa utosini ulikuwa unamkuta mama. Niliwaza kwamba kama mimi namkuta, na yule mbu atamkuta.

Matanga yalipokwisha, baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa amekuja kutoka Mhunze, alituita mbele ya wazee. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti ya kuchungia, hata akiongea taratibu alisikika mpaka barabarani.

"Nyumba haikai bila mtu mzima," alisema. "Mabula atakuja kwangu, kuna ng'ombe. Holo ataenda kwa shangazi yenu, Mungu hakumpa mtoto. Wewe, mayu, utakwenda kwa wajomba zako Geita, mpaka upate mume."

Mayu kwa Kisukuma ni mama. Ndivyo wazee wa kwetu wanavyomwita binti wakimpenda. Nilikuwa nimemshika Holo mkono mmoja na Mabula mwingine, nikajiona kama kuku anayepimwa kwa kuning'inizwa.

"Hatutatawanyika, baba," nikasema.

"Eti?"

"Tutakaa hapa. Wote watatu."

"Nani atawalisha?"

"Mimi."

"Na wewe atakulisha nani? Huyu?" Akamwonyesha Mabula, ambaye kaptula yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani. Wazee wakacheka, hata mimi ningecheka siku nyingine.

"Nimeacha shule," nikasema. "Nimeshaongea na Mama Nasrini wa dukani. Ananipa kazi. Na mahindi ya mama yameota, yanahitaji palizi tu."

Mzee Kasanda akakohoa. "Huyu binti ana shingo ngumu," alisema, "lakini shingo ngumu ndiyo inayobeba mzigo. Mimi nipo jirani."

Baba mkubwa alinitazama muda mrefu. Holo wakati huo alikuwa na kikohozi, safari ya mvua ingemsumbua. Mwishoni akasema, "Nitarudi mahindi yakikauka. Nikikuta mnakula na mnapumua, tutazungumza. Nikikuta vingine, kila mmoja na njia yake, na sitaki kilio."

Hivyo ndivyo nilivyopewa msimu mmoja wa mvua.

Mama Nasrini na mume wake walikuwa Waislamu wa asili ya Kihindi, waliozaliwa hapahapa nchini. Mume aliuza dukani mbele, khanga, chumvi, majembe, mafuta ya taa. Yeye alitawala uani, na huko alikuwa akipika sabuni katika sufuria pana kama beseni la kuogea mtoto. Mafuta ya pamba yalitoka Shinyanga kwa madebe, magadi makali, yaani kostiki, yalikaa kwenye kopo lililofungwa juu ya kabati, na sitronela ilikaa kwenye pipa dogo la bati, mbali na jiko. Kazi yangu ilikuwa kukoroga, kuosha vyombo na kukata miche kwa waya. Holo nilimbeba mgongoni. Mabula nilimsisitiza abaki shuleni, nikampa madaftari yangu amalizie kurasa zilizobaki.

Sitronela ilitiwa mwisho kabisa, rojo likishapoa kiasi cha kutia kidole. Siku ya kwanza niliitia rojo likiwa bado la moto, nikidhani nasaidia. Uani kote kukanukia, watu wakatokeza vichwa kutoka barabarani. Sabuni ikatoka haina harufu.

"Wewe!" Mama Nasrini alishika kiuno. "Umepeleka yote mbinguni! Malaika wamenukia, sisi tumebaki na kostiki!"

Lakini alicheka, na baada ya hapo akaanza kunifundisha. Alinionyesha jinsi ya kujua kama mafuta yamechakachuliwa. Alidondosha tone moja kwenye kipande cha gazeti, na pembeni yake tone la mafuta ya pamba. Tukaenda kukata sabuni. Tuliporudi, tone la pamba lilikuwa limeacha doa la kung'aa, la sitronela lilikuwa limekwenda, karatasi kavu kama haikuguswa.

"Hii mafuta iko kama mgeni," alisema. "Inakuja, inasalimia, inakwenda. Ikibaki doa, ujue mtu ametia pamba ndani, mwizi huyo."

Siku nyingine aliniona namkagua Holo miguuni, nikihesabu alama za mbu na kuzigusa moja moja kwa mate. Aliuliza kwa nini. Nilimweleza kuhusu yule mbu wa nyuma ya lindo. Watu wazima wengine wangenicheka. Yeye aliingia ndani, akatoka na chupa ndogo ya dawa ya kikohozi iliyooshwa.

"Mbu anatafuta mtu kwa pua," alisema, akimimina. "Hii inamchanganya pua. Lakini sikiliza. Peke yake hapana, itachoma ngozi ya mtoto. Tone kidogo, mafuta ya pamba nyingi, kwenye kiganja, halafu paka. Macho hapana. Mdomo hapana. Mikono yake hapana, atalamba. Na masaa mawili imekwisha, unapaka tena. Umesikia?"

Nilisikia, lakini nilichobeba nyumbani kilikuwa changu mwenyewe. Nilielewa kwamba nimepewa kitu cha kumficha Holo. Nikimpaka harufu ya sabuni juu ya harufu ya mama, yule mbu atakuja, atanusa, atasema huyu siye, atageuka. Nilifurahi njia nzima. Na njiani humo nikasikia uchungu, maana nilijua kwamba nikimficha kwa mbu nimemficha kwangu pia. Tangu jioni hiyo nilipoinamia utosi wa Holo sikumkuta mama tena.

Jioni zile ndizo ninazozitamani. Jua likishuka, tukishakula ugali na mlenda, nilikuwa namkalisha Holo juu ya mzinga chini ya upenu. Ninachanganya mafuta kiganjani, yanakuwa ya baridi kwanza halafu yanapata moto. Naanza na visigino, ananing'iniza miguu, anacheka. Mabula anacheza kumzunguka akiimba wimbo aliotunga: "Holo mche wa sabuni! Holo mche wa sabuni! Akinyeshewa mvua atatoa povu!" Holo anajaribu kumpiga teke. Kisha ananyoosha kidole gizani, kule ndani, ananiambia, "Dada, na mbu mpake."

"Mbu hapakwi."

"Mpake na yeye. Anuke vizuri."

Tulilala watatu kwenye kitanda kimoja cha kamba, Holo katikati. Sikuwa na mama wala baba wala darasa, na bado sijawahi tena kuwa tajiri kiasi kile.

Tatizo lilikuwa Mabula. Aligundua kwamba wenzake shuleni wako tayari kumpa kipande cha muwa ili awapake harufu ya Kihindi nyuma ya masikio. Mafuta yakapungua. Nilimchapa kidogo, nikatafuta mahali pa kuficha. Mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyefungua ni ndani ya mzinga wetu. Nilitoa kifuniko cha mviringo kinachoziba nyuma ya mzinga, nikaingiza chupa ndani kabisa kwa mkono, nikafunika. Kizibo cha chupa kilikuwa gunzi la hindi. Gunzi lilikuwa linanyonya mafuta na kuyapumulia nje polepole, mchana kutwa, ndani ya mti mtupu. Mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba kila nikifungua kutoa chupa, mzinga unanukia duka zima.

Miti ya msituni ilikuwa imechanua. Mchana mmoja wa Jumapili nilikuwa nimemweka Holo uani anakula karanga za kuchemsha, mimi napeta. Nikasikia lori. Nikainua kichwa kutazama barabarani, hapakuwa na lori. Sauti ikaja juu ya mahindi, na pamoja nayo kivuli kisichotulia, kama moshi wenye nia. Niliacha ungo, nikamnyakua Holo na karanga zake, tukaingia ndani nikabana mlango kwa mgongo.

Tulichungulia kwenye ufa. Nyuki walikuwa wametanda ukuta wote. Walitembea juu ya mzinga kama watu wanaokagua nyumba ya kupanga, wakaingia kwa kale katundu ka mbele, wakatoka, wakaingia. Baadaye sauti ikashuka. Wote walikuwa ndani.

Mabula alirudi kutoka mtoni, akasimama mbali, mikono kichwani. "Dada! Nyuki wa baba wamerudi!"

"Chupa yangu!" nikamjibu kupitia ufa. "Mabula, chupa ya Holo imo humo!"

Alikimbia kumwita Mzee Kasanda. Mzee alikuja taratibu na kiko chake, akainama pembeni ya mzinga karibu kuliko ambavyo mimi ningethubutu, akavuta pua.

"Nani ameweka mchaichai humu?"

Nikamweleza yote. Alianza kucheka kabla sijamaliza, akacheka mpaka akakaa chini. "Sisi tukisimika mzinga mpya tunasugua majani ya mchaichai ndani, kidogo tu, ya kunusa. Wewe umewawekea chupa nzima! Si umepiga ngoma msitu wote?"

"Lakini inafukuza mbu, babu."

"Mbu anaikimbia, nyuki anaifuata. Kila mdudu na pua yake. Unajua nyuki wakipata nyumba wanafanyaje? Baadhi yao wanasimama mlangoni, wanainua mkia, wanawapungia wenzao harufu. Siku moja nitakusogeza unuse, ni hii hii."

"Nataka chupa yangu."

"Ingia uchukue," akasema Mabula, na Mzee Kasanda akaanza kucheka upya.

Alipotulia aliniambia kwa upole. Angeweza kuwasha moshi, afungue, atoe chupa. Lakini kundi lililoingia leo halijajenga hata sega moja, halina cha kulizuia. Likisumbuliwa litaondoka lote. "Chupa au nyuki," alisema. "Chagua, wewe ndiye mwenye nyumba."

Hakuna aliyewahi kuniita mwenye nyumba. Mabula alikuwa ananitazama, macho yamejaa machozi. Niliwaza baba mkubwa akija akute nyuki chini ya upenu na asali ndani. Niliwaza kwamba Mama Nasrini ana pipa zima, atanipa chupa nyingine kesho.

"Waache," nikasema.

Kesho yake Mama Nasrini aliinamisha pipa lote juu ya sufuria, likatoa matone mawili na mlio. Mafuta yalikuwa yanatoka ng'ambo kwa meli, halafu kwa treni mpaka Shinyanga, halafu kwa lori, na mwaka ule kila kitu kilikuwa kinachelewa. "Meli iko wapi, Mungu peke yake anajua," alisema. Tukapika sabuni isiyonukia. Nilikwenda kwa Mzee Kasanda kuomba mchaichai, nikawa natwanga majani na kumsugua Holo. Yalikuwa yanawasha, na harufu yake ilikwisha kabla hata hajasinzia. Nikachoma kinyesi cha ng'ombe mlangoni, tukalala tukikohoa. Nilikaa macho nimejifunika gubigubi, nimemzungushia Holo mikono, nikisikiliza nyuma ya lindo. Upande wa pili wa ukuta nyuki walinguruma juu ya chupa yetu.

Mvua kubwa zilipofika, Holo akachemka.

Dresa alimpiga sindano, akatupatia vidonge vya klorokwini vilivyo vichungu kama nyongo. Nilivisaga kwa kijiko nikamnywesha kwa uji. Akapona, akajikuna mwili mzima kwa dawa ile, akaanza kucheza. Baada ya muda akachemka tena. Safari hii alipopona hakucheza. Alikaa juu ya mkeka akitazama kuku. Dresa alivuta kope lake la chini, akanionyesha. Ndani palikuwa peupe.

"Akipata nyingine, damu haitatosha," alisema. "Na hapa maji yamesimama kila mahali, kuna mashimo ya wachimbaji, kuna mto. Ataipata tu."

Nimekuja kujua mengi tangu wakati ule. Nimejua kwamba hakukuwa na mbu mmoja. Nimejua pia kwamba hata chupa ile ingebaki mkononi mwangu, mafuta ya kudumu masaa mawili yasingemlinda mtoto mpaka alfajiri, mimi nikiwa nimelala kwa uchovu wa sabuni na palizi. Nimejua, na bado nikisikia nyuki mahali najikuta nimeweka mkono utosini pa mtoto aliye karibu.

Mahindi yalikauka. Mzee Kasanda alikuja na mwenge wa majani mabichi, akawapulizia nyuki moshi, akafungua mzinga upande wa nyuma. Masega yalikuwa yamejipanga kama miche ya sabuni, yamefunikwa nta nyeupe. Alikata ya nyuma, akaacha ya mbele kwa wenyewe. Tulijaza ndoo, na Mabula akalamba mkono mpaka kwenye kiwiko. Chini kabisa chupa ilionekana. Nyuki walikuwa wameigandisha kwenye mti kwa gundi yao nyeusi, wakapitisha sega juu yake. Gunzi lilikuwa limetafunwa. Ndani ilikuwa kavu, safi.

"Niing'oe?" Mzee aliuliza.

"Iache, babu. Ni yao."

Baba mkubwa alifika siku chache baadaye kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilipiga magoti nikamwamkia. Alizunguka nyumba. Akatazama lindo, lilikuwa limejaa. Akatazama paa, tulikuwa tumeliziba. Akafika chini ya upenu, akaruka nyuma.

"Nani amewaleta hawa?"

"Dada," akasema Mabula kwa majivuno. "Aliwaita kwa mafuta."

Nilimpa asali kwenye bakuli na kipande cha ugali. Alikula amesimama, kisha akakaa, akala tena. Alipomaliza alifuta vidole kwenye majani, akanitazama vile alivyonitazama siku ya matanga, ila safari hii yeye ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

"Wabeja, mayu," alisema. Asante. "Kaeni. Mtakaa wote watatu, nitawaambia Mhunze kwamba nyumba ya mdogo wangu ina mwenyewe."

Mabula aliruka juu kama ndama. Mimi nilikuwa nimengojea maneno hayo tangu mahindi yakiwa na urefu wa kidole. Yalikuja, na nilipoyapokea nilikuwa namtazama Holo. Alikuwa ameamka, ametoka nje akishika ukuta. Baba mkubwa alimnyanyua kwa utani, kama mtu anavyonyanyua mtoto wa umri ule, kwa nguvu, na mikono yake ikapanda juu kupita alivyotaka.

"Huyu mbona mwepesi hivi?"

"Baba," nikasema, "Mhunze kuna mbu?"

"Wa kiangazi hakuna. Nchi kavu ile, hata vyura wanahama."

"Na kwa shangazi ni mbali na zahanati?"

"Unavuka barabara tu." Akamshusha. "Kwa nini?"

"Na maziwa yapo?"

Alikuwa ameshaelewa. "Nimesema mkae wote," akasema taratibu, kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Nimesikia, baba. Mchukue Holo."

Mabula alinirukia, akanipiga ngumi kifuani na mgongoni, akiita, "Ulisema hatutatawanyika! Ulisema!" Nikamwacha anipige. Nilikuwa namfunga Holo mgongoni kwa baba mkubwa kwa khanga ya mama, nikijaribu fundo mara kadhaa, maana njia ilikuwa ndefu na yeye alikuwa mwepesi kweli. Hakulia. Alidhani wanaenda dukani. Aliniuliza kama atakuta sukari guru.

Mimi na Mabula tulikaa kwenye nyumba ile miaka mingi. Aliacha kunikasirikia bila kutangaza, siku moja tu akanichotea maji. Mizinga iliongezeka, akamaliza shule, akawa mwalimu. Habari za Holo zilikuja kwa wasafiri: amenenepa, meno ya utoto yameng'oka, anaongea sana, ameanza shule. Nilitaka kwenda kila kiangazi, na kila kiangazi kulikuwa na mtu wa kuuguza au shamba la kuvuna. Nilipopata nafasi, nilijaza asali kwenye kopo, nikapanda lori mpaka Shinyanga, na basi mpaka Mhunze.

Nilifika mchana. Uwanja wa shangazi ulikuwa umefagiwa, pamba imerundikwa kwenye turubai, na binti mmoja amekaa katikati yake akichambua. Holo alikuwa na miguu mirefu, mashavu yamejaa, anaimba peke yake bila haya. Aliponiona alinyanyuka haraka, akapukuta nyuzi kwenye gauni. Akaja, akapiga magoti kama binti aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema.

"Karibu. Umetoka mbali?" Hakungoja jibu. Alikimbia ndani akaleta kiti, kile kizuri chenye mgongo, akakifuta kwa kiganja, akakiweka kivulini. Kisha akageukia nyumba, akapaza sauti yenye nguvu iliyofika mpaka barabarani: "Mama! Mama, njoo, kuna mgeni!"

Nikakaa kwenye kile kiti. Nilikuwa nimechoka, na kivuli kilikuwa kizuri.